Nadeki mara mbili kwa siku, marumaru zikikauka zina utando mweupe. Nakosea wapi?

#1 MamaWawili_Kgb
Habari za humu wakuu. Naomba msaada kwa jambo ambalo kwa wengine litakuwa dogo, ila mimi linaninyima raha kabisa.

Tulihamia nyumba ya kupanga huku Kigamboni mwezi wa tatu. Vyumba viwili, sebule na jiko, nyumba mpya, sisi ndio wapangaji wa kwanza. Marumaru ni za kahawia iliyokolea, zile za kung'aa. Siku ya kwanza nilizipenda, sasa zimenichosha. Nadeki asubuhi watoto wakishaenda shule, nadeki tena jioni. Sakafu ikiwa mbichi inawaka kama kioo. Ikikauka, inabaki na utando mweupe kama mtu amepitisha kiganja chenye unga, na kila unyayo unajichora. Jua la saa kumi na moja likiingia kwa chini mlangoni ndiyo unaona mambo yote.

Maji ni ya kisima. Sabuni natumia ya unga, konzi mbili kwenye ndoo ya lita 20. Jambo jingine: hata nikimaliza kudeki, nyumba bado inaonekana imevurugika. Saa mbili nzima za kazi, mgeni akibisha hodi naona haya kumkaribisha. Nakosea wapi?

#2 KijanaWaGeto
Konzi mbili dada? Hiyo sabuni ni ya kufulia blanketi. Weka kijiko kimoja cha chakula, halafu urudie na maji matupu. Sabuni ikikaukia sakafuni haiendi popote, inakaa pale inakamata vumbi. Tembea pekupeku usikilizie: unyayo ukinatanata kidogo, jibu lako ni sabuni.

#3 BiMkubwaTanga
Namuunga mkono kijana wa #2, ila mimi ningeanza na tambara. Unadekia nini mwanangu? Kama ni fulana iliyochakaa unayoichovya ndoo ileile kuanzia chumbani mpaka jikoni, ukifika sebuleni unapaka uchafu wa chumbani. Sisi tulikuzwa na ndoo mbili: moja ya kuchovya, moja ya kusuuzia tambara. Maji yakigeuka rangi unamwaga nje. Na tambara linakamuliwa mpaka lisidondoshe hata tone, maana sakafu ikiloa sana inakauka yenyewe, na inapokauka yenyewe ndipo inapoacha alama. Ukimaliza, pita na kitambaa kikavu. Ni kazi ya dakika kumi tu.

#4 FundiMarumaru
Naweka marumaru mwaka wa 14 huu. Nyumba mpya, wapangaji wa kwanza, rangi ya kukolea. Hapo wala sihitaji kuja kuangalia: huo ni utando wa saruji nyeupe. Fundi akishaziba maungio anatakiwa afute uso wa marumaru kwa sponji yenye unyevu kabla saruji haijashika, arudie mara mbili au tatu na maji safi kila mara. Wengi wakifika hatua hiyo wana haraka ya kuhamia kazi nyingine. Ikishashika, sabuni na maji havitaiondoa hata udeki mara kumi kwa siku. Kwenye marumaru nyeupe hauonekani. Kwenye kahawia na nyeusi ndipo anapoumbuka mtu.

#5 MwalimuWaKemia
Fundi umejibu haraka mno. Amesema maji ya kisima, na Kigamboni ni ufukweni. Visima vingi vya huko vina chumvi. Maji ya namna hiyo yakikauka, maji ndiyo yanayopaa, kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake kinabaki chini.

Dada, fanya jaribio hili, halihitaji hela. Chukua sahani ya kioo iliyo safi, dondosha matone matatu ya maji yako ya kisima, yasiwe na sabuni. Pembeni yake dondosha matatu ya maji ya mvua au ya chupa. Acha mpaka asubuhi. Tone la kisima likiacha duara jeupe, umeshapata mshitakiwa mmoja.

Halafu nenda kwenye utando wenyewe sakafuni. Sugua sehemu ya ukubwa wa kitabu kwa kitambaa kilicholowa maji ya mvua. Ukitoka mara moja, ni chumvi ya kawaida, maana hiyo inayeyuka kwenye maji. Usipotoka, dondosha siki kidogo. Ukiona vipovu vidogo vinachemka, ni chokaa, iwe imetoka kwenye maji magumu au kwenye saruji ya Fundi. Usipoona chochote, rudi kwa kijana wa #2.

#6 FundiMarumaru
Sasa Mwalimu, jaribio lako la siki halitenganishi maji na saruji, vyote vitachemka. Mimi nina njia rahisi zaidi: ainue kapeti au sogeza kabati, aangalie pale ambapo hajawahi kudeki tangu ahamie. Utando ukiwepo hata huko, ni wa kwangu. Usipokuwepo, ni wa kwako.

#7 MwalimuWaKemia
Hilo nalikubali bila ubishi. Zuri sana.

#8 MsafiTu
Mnamzungusha dada wa watu. Chukua Jik, ile dawa ya kutakatisha nguo, vifuniko viwili, siki nusu kikombe, bekingi soda kijiko, changanya kwenye maji moto, deki. Mimi nafanya hivyo kwangu na chooni, panang'aa mpaka unaogopa kukanyaga.

#9 NesiMbeya
Dada wa #1, USIFANYE hiyo ya #8. Jik haichanganywi na siki wala limau wala dawa ya choo. Ikikutana na kitu chenye asidi inatoa gesi ya klorini. Macho yanawasha, koo linakaza, kifua kinabana, na mwenye pumu anaweza kuishia kitandani na oksijeni. Nimewapokea kina mama waliojifungia chooni na ndoo, hawajui kilichowapata, wanadhani ni presha.

Hata mimi yalishanikuta kabla sijasomea kazi hii. Nilikuwa namsaidia shangazi kuosha choo cha kuchuchumaa. Nikamwaga dawa ya choo, ile kali ya kuondoa madoa ya njano, kisha nikaona harufu haijatosha nikaongeza ya kutakatisha nguo. Nilitoka pale natambaa, nakohoa kamasi mpaka usiku. Dawa nyingi za choo zina asidi. Na haifai pia kuimwaga juu ya mkojo uliokaa, nayo inatoa gesi mbaya. Jik ni ya kwake peke yake, kwa maji ya baridi, mlango ukiwa wazi.

#10 MwalimuWaKemia
Nasisitiza kila neno la #9. Nyongeza ndogo kuhusu siki na bekingi soda: zile povu zinafurahisha macho, lakini moja ni asidi na nyingine ni besi, zikikutana zinamalizana. Povu ni kabonidayoksaidi inayotoka. Kinachobaki ndooni ni maji yenye chumvi nyingine tu. Tumia soda kavu kusugulia masizi na mafuta, siki kuondolea chokaa, kila moja kwa siku yake.

#11 MsafiTu
Nimesoma na nimeshituka. Miaka minne nafanya, na huwa macho yananiwasha nikidhani ni usafi unafanya kazi. Naomba mhariri afute #8, asije mtu akaisoma akaishia hapo. Ahsante nesi.

#12 NesiMbeya
Bora ibaki, ila iandikwe juu kwamba ni hatari. Wengi wanaifanya kimya kimya.

#13 MamaWawili_Kgb
Jamani ahsanteni, sikutegemea majibu mengi hivi. Bi Mkubwa umenipata: ni tambara moja, ndoo moja, naanzia chumbani. Matone nimeshaweka kwenye sahani juu ya friji. Kabati la nguo ni zito, namsubiri mume wangu arudi Jumamosi tulisogeze.

Nilisahau kusema: mimi nakaanga maandazi na sambusa za biashara, naanza saa kumi alfajiri. Jiko halina mlango, linafungukia sebuleni.

#14 MamaNtilie_Mstaafu
Haya, na mimi nilikuwa nasubiri mtu aseme hivyo. Ni MAFUTA. Miaka 11 nimekaanga, najua ninachosema. Karai likichemka, mafuta yanapanda na mvuke, hayaonekani, yanatua kwenye kila kitu: ukuta, pazia, kioo cha tivii, sakafu. Vumbi likija linakuta gundi. Halafu unapita na tambara la maji baridi, unayasambaza. Ndiyo maana nyayo zinajichora: sakafu kavu isiyo na mafuta haichukui alama ya mguu.

Panda kwenye kiti, pitisha kidole juu ya friji au juu ya kabati la vyombo. Kama ni vumbi tupu, kidole kitatoka kikavu, unapuliza linaruka. Kama kimetoka na ugoro wa kahawia unaonata, hayo ndiyo uliyonayo sakafuni. Dawa yake ni maji ya moto na sabuni ya maji ya vyombo, tone tu, sehemu ya jikoni na hatua tatu za sebule. Na funga pazia nzito pale pasipo mlango unapokaanga, dirisha la jikoni liwe wazi.

#15 FundiMarumaru
Mama, mafuta hayafiki chumba cha mwisho. Dada, utando upo mpaka chumbani?

#16 MamaWawili_Kgb
Upo, ila chumbani ni hafifu. Mbaya kabisa ni sebuleni.

#17 MamaNtilie_Mstaafu
Haya Fundi, si umeona.

#18 FundiMarumaru
Nimeona "upo". Ungekuwa wa mafuta peke yake usingekuwepo kabisa chumbani.

#19 Mvita_Kabisa
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu pia ni visima vya chumvi, twawaelewa. Mimi kwangu tatizo lilikuwa sabuni ya kipande. Maji magumu na sabuni ya kipande havipatani: haitoi povu, yatoa vijidonge vyeupe kama maziwa yaliyoganda, na hivyo ndivyo vinavyokaa kwenye sakafu na kwenye beseni la kuogea. Nikaiacha, nikahamia ya maji, mambo yakabadilika. Birika nalo naliosha kwa ndimu: kata mbili, chemsha na maji, wacha zilale humo. Asubuhi ule ukoko mweupe watoka vipande vipande.

#20 MwalimuWaKemia
Kweli tupu kuhusu sabuni ya kipande, lakini dada amesema anatumia ya unga, na ya unga imetengenezwa isigande na maji magumu kwa kiasi hicho. Kwa hiyo la vijidonge sidhani kama ni lake. La wingi wa sabuni linabaki palepale.

#21 Upepo_wa_Dodoma
Mnaongelea utando, mje huku mwezi wa nane muone vumbi jekundu. Nilichojifunza ni mpangilio wa kazi: juu kwenda chini. Watu wanadeki kwanza, halafu wanawasha pangaboi, na mapanga yake yana vumbi la wiki tatu. Linashuka lote. Mimi nachukua foronya iliyochakaa, navisha panga la feni kama navisha mto, nafinya kwa mikono miwili, navuta taratibu. Vumbi linabaki ndani ya foronya, haliangukii kitanda. Kisha nyavu za dirisha, kisha juu ya makabati, kisha makochi, sakafu mwisho.

Na ufagio wa ndani usiwe wa kurusha vumbi. Bibi yangu alikuwa ananyunyiza maji uwanjani kabla ya kufagia kwa chelewa, tukidhani ni mila tu. Kumbe vumbi likilowa linakaa, kavu linaruka, linatua tena ukishaondoka. Hata ndani, kitambaa chenye unyevu kinashinda ufagio.

#22 KijanaWaGeto
Jamani swali lake lilikuwa mawili. Hilo la nyumba kuonekana imevurugika hakuna aliyeligusa. Mimi nina chumba kimoja Sinza, meta tatu kwa nne, na nilikuwa na kiti. Kila mwanaume mwenye geto anakijua hicho kiti. Nguo isiyo safi ya kuweka kabatini wala chafu ya kufua inakaa hapo. Mwisho kiti hakionekani. Nimekitoa chumbani kabisa, nikapiga misumari minne nyuma ya mlango. Misumari ikijaa, nguo ya tano lazima iamuliwe: kapuni au kabatini. Chumba kilibadilika siku hiyohiyo, na wala sikudeki.

#23 NesiMbeya
Kijana umeongea kitu tunachokifanya kazini. Hospitali nyingi za serikali wanaijua kama 5S, imetoka kwenye viwanda vya Japani, na kwetu ilianza hapa hospitali ya rufaa Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la maendeleo la Japani. Kwa Kiswahili tunaziita Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Angalieni kusafisha kuko nafasi ya ngapi. Ni ya tatu! Dada yetu anaanzia ya tatu kila siku, ndiyo maana anachoka na haoni tofauti.

Sasambua: unatoa vyote, unatenga unachotumia, usichotumia, na usicho na uhakika nacho. Cha mwisho kinabandikwa karatasi nyekundu yenye tarehe. Muda mliokubaliana ukipita hakijaguswa, kinaondoka. Seti: kila kitu kinapewa mahali pake, na kinachotumika kila siku kinakaa usawa wa mkono. Wodini tulikuwa tunapoteza muda kutafuta mkasi kwenye droo lenye kila kitu. Tulichora umbo la mkasi kwenye sehemu yake. Usipokuwepo unaona pengo kwa mbali, huna haja ya kuuliza.

Nyumbani kwangu nimefanyia jikoni. Nilitoa vyombo vyote nje kwenye mkeka. Nilikuta vifuniko 17 vya makontena, makontena yenyewe sita.

#24 BiMkubwaTanga
Vifuniko 17! Nimecheka peke yangu, kisha nikaenda kuhesabu vyangu. Siandiki idadi.

#25 Shamim_Ngambo
Asalaam aleikum. Kwetu Unguja nyumba ya vyumba viwili inakuwa na vitu vya nyumba ya vyumba sita, kwa sababu kila kitu "kitakuja kufaa". Mie tatizo langu lilikuwa mikoba. Zamani tulikuwa na mifuko ya plastiki, ilipokatazwa tukahamia hii ya kitambaa, na kila ukienda dukani umesahau wa nyumbani, unanunua mwengine. Nilifungua kabati chini ya sinki nikakuta mikoba imejazwa ndani ya mikoba. Nimebakisha mitano, nimeitundika kwenye msumari kando ya mlango wa kutokea, si jikoni. Ukitoka inakugusa bega.

Na nguo za sikukuu msiziweke kabatini pamoja na za kila siku. Zifungeni kwenye shuka safi, mziweke sandukuni. Masika zitoeni juani, zinashika ukungu. Udi unatia harufu nzuri lakini hauondoi ukungu, mnajidanganya wenyewe.

#26 Mvita_Kabisa
Shamim, hapo kwa udi usiguse. 😀 Kwetu nguo haivaliwi bila kufukizwa.

#27 Shamim_Ngambo
Fukizeni, nami nafukiza. Nasema anikeni kwanza.

#28 Juma_wa_Maboksi
Nina duka la vifaa Buguruni, kwa hiyo nyumba yangu ilijaa maboksi. Boksi la tivii, la feni, la pasi, eti siku tukihama. Mende walikuwa hawaishi, tunapuliza dawa kila mwezi. Siku moja natoa boksi la blenda juu ya kabati, nimelishika chini, likaachia. Walimwagika mpaka kwenye mikono yangu, wakubwa kwa wadogo, na ndani kwenye mikunjo kuna vile vifuko vyao vya mayai vya kahawia kama punje ya haragwe dogo. Wale mende wadogo wa jikoni, kifuko kimoja kinabeba mayai 30 hata 40. Boksi lina giza, lina joto, na gundi yake wanaila. Nilichoma yote jioni ile. Sasa naweka vitu kwenye ndoo za rangi zilizotumika zenye vifuniko, nimeziosha vizuri, na nimeandika kwa kalamu ya wino mzito kilichomo.

#29 MamaWawili_Kgb
Juma umenitisha. Nina maboksi saba juu ya kabati. Nesi, na madumu je? Maji yanatoka kwa zamu, nina madumu 14 ya lita 20 kwenye korido, ndiyo kitu cha kwanza mgeni anachoona. Hayo siwezi kuyasasambua.

#30 NesiMbeya
Hapana, hayo ni ya kazi, hayo ni ya Seti. Yapange ukutani mistari miwili, mikono ielekee upande mmoja, yenye maji mbele, matupu nyuma, na uyafunike kwa kipande cha khanga au pazia fupi. Kitu kilichopangwa kwa mstari hakisumbui jicho hata kikiwa kingi.

#31 Baba_Neema
Nimesoma uzi mzima. Dada anaamka saa kumi kukaanga, anapeleka watoto, anadeki mara mbili, na sisi tunajadili siki. Nyumba ina watu wanne. Mtoto wa miaka saba anaweza kuweka viatu kwenye mstari na daftari kwenye kapu lake. Mume Jumamosi anaweza kusogeza kabati, na anaweza pia kushika tambara. Mimi nadeki kwangu kila Jumapili, hakuna kilichonipungua.

#32 Mkongwe_wa_Kale
Kudeki ni sawa, mkuu, ila usije kuifanya sheria. Kila nyumba ina utaratibu wake. Mwanaume anayerudi usiku na lori umpe ndoo?

#33 Baba_Neema
Mzee wangu, kwa heshima, sijasema usiku. Nimesema Jumamosi. Na yeye anayeamka saa kumi alfajiri naye amefanya kazi ya lori.

#34 BiMkubwaTanga
Acheni kugombania nyumba ya mwenzenu. Mkongwe, hata zamani wavulana tuliwafundisha kudeki, waliokataa wake zao ndio wanaotulaumu leo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi si siku ya usafi nchi nzima? Wakishafyeka nje, waingie ndani wafanye hilo la Nesi la kusasambua. Saa tatu, familia nzima, kwa mwezi mara moja.

#35 FundiMarumaru
Kabla dada hajamwaga siki, neno moja. Sisi tunaita kila kitu marumaru, lakini nyingi za madukani ni vigae vya udongo uliochomwa, vina uso wa kioo, siki ya jikoni iliyopunguzwa haivisumbui. Marumaru yenyewe, lile jiwe, ni jamii ya chokaa. Siki inalila, linafifia na halirudi. Sakafu ya saruji, nyekundu au ya kijivu, nayo vilevile. Wenye jiwe au saruji wasijaribu kabisa. Kwenye vigae: nusu kikombe cha siki kwa lita 5 za maji, lowesha eneo dogo, subiri dakika tano, sugua, suuza kwa maji mengi ili isikae kwenye maungio. Na msinunue ile asidi ya betri wanayouza mitaani. Inang'arisha siku moja, halafu uso wa kigae unakuwa na vitundu visivyoonekana, kila uchafu unaingia humo.

#36 Upepo_wa_Dodoma
Hili la asidi ya betri lingekuja mapema. Choo changu awali kilikuwa cheupe, sasa kina rangi ya chai, na kadri unavyosugua ndivyo kinavyoshika.

#37 MamaWawili_Kgb
Wakuu, leo Jumapili, naleta mrejesho.

Matone: ya kisima yameacha duara jeupe, unaliona bila kukaza macho. Ya mvua hayajaacha kitu.

Kidole juu ya friji: kimetoka na ugoro. Mama Ntilie nimekukumbuka. Nimekwangua kwa kisu cha siagi.

Kabati tumelisogeza jana. Chini yake, ambapo sijawahi kudeki, kuna utando pia! Lakini ni wa mistari ya mviringo, kama mtu alipitisha sponji akaondoka. Sehemu nyingine ya chini ya kabati ni safi kabisa, kahawia tupu.

Mume wangu ndiye aliyesugua kwa siki, Baba Neema nakuripotia. Pale chini ya kabati ilichemka ikatoka. Chumbani penye kudekiwa, maji ya mvua peke yake yalitoa karibu yote. Sebuleni ilibidi maji ya moto na sabuni ya vyombo, halafu siki, na bado mbele ya jiko panarudi kufikia jioni.

Maboksi saba yametoka. Mende nilikuta wawili tu, alhamdulillah. Madumu yapo mstari.

#38 FundiMarumaru
Mistari ya mviringo chini ya kabati. Hiyo ni sponji ya fundi, hakuna mjadala.

#39 MwalimuWaKemia
Ya chini ya kabati ni yako, Fundi. Ya chumbani imetoka kwa maji ya mvua, na saruji haitoki kwa maji ya mvua. Hiyo ni chumvi. Dada, chumvi pia inavuta unyevu wa hewani, angalia ya mezani inavyoganda masika. Ndiyo maana sakafu inachukua nyayo hata kama hakuna mafuta.

#40 MamaNtilie_Mstaafu
"Mbele ya jiko panarudi kufikia jioni." Someni tena hapo. Chumvi inarudi jioni na hajadeki?

#41 MwalimuWaKemia
Anadeki jioni, mama. Ameandika #1.

#42 KijanaWaGeto
Na sabuni konzi mbili hamjaiuliza. Dada, siku hizi unaweka kiasi gani?

#43 MamaWawili_Kgb
Kijiko kimoja tangu Jumatano. Maji ya kudekia nachanganya na ya mvua niliyokinga, ila imebaki ndoo moja na nusu na huku mvua imekata. Maji ya kisima kuna namna ya kuyapunguza chumvi nyumbani, au hilo haliwezekani?

#44 Mvita_Kabisa
Kuyachemsha hakutoi chumvi, hilo nalijua kwa hakika, nimepoteza gesi yangu. Yanazidi kuwa makali. Mimi huku natumia ya kisima kwa kudeki raundi ya kwanza, halafu lita tatu tu za maji matamu kwa raundi ya mwisho, tambara limekamuliwa mpaka mkono umeuma, na kitambaa kikavu nyuma yake. Lita tatu zatosha vyumba viwili ukikamua.

#45 BiMkubwaTanga
Kitambaa kikavu nilikisema #3.

#46 MamaWawili_Kgb
Ulisema, mama. Leo jioni napita nacho. Mbele ya jiko nitaacha vigae viwili bila kudeki kabisa mpaka kesho kutwa, tuone kama utando unarudi wenyewe.